Fuata Maji Kwanza: Mwongozo Kamili wa Vibali vya Maji na Mazingira kwa Wenye Viwanja na Biashara Mtwara na Lindi

Mtu ananunua kiwanja Mikindani, anachimba kisima, anamwaga zege la msingi, anaezeka, kisha ndipo anakwenda kuuliza vibali. Huo ndio mpangilio wa kawaida Kusini, na ndio unaokula pesa nyingi kuliko ada zote za serikali zikijumlishwa. Kisima kilichochimbwa bila kibali hakina ripoti ya kuombea kibali cha kutumia maji. Msingi uliomwagwa mita 35 kutoka ufukweni hausogezwi. Shimo la maji machafu lililo karibu na kisima cha jirani halihamishwi baada ya kujengewa uani.

Mwongozo huu unafuata njia ya maji yenyewe: kiwanja kiko wapi kwa bahari, mto au chemchemi, maji ya matumizi yanatoka wapi, yakishatumika yanakwenda wapi. Ukifuata mpangilio huo, vibali vinakuja kwa zamu yake, kila kimoja kikiwa na karatasi kinazozihitaji.

Kilichobadilika, kwa ufupi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo iliyoleta kanuni ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa, kingo za mto na bwawa, pamoja na tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikasisitiza kwamba maji yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Maana yake kwa mwenye hati ni kwamba hati inampa ardhi. Maji yaliyo chini ya ardhi hiyo yana kibali chake, na kibali hicho kina masharti na ada ya kila mwaka.

Mwaka 2018 kanuni za tathmini zilirekebishwa na miradi ikagawanywa kwa uzito wake. Mwaka 2019 ilikuja sheria mpya ya huduma za maji na usafi wa mazingira, RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) ikaanza kazi vijijini, na tarehe 1 Juni mwaka huohuo mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ikapigwa marufuku. Mwaka 2021 zilitoka kanuni mpya za taka hatarishi na za ada na tozo. Mwaka 2022 sheria ya rasilimali za maji nayo ikafanyiwa marekebisho.

Mwenye biashara ya zamani huwa anajiuliza kama haya yanamhusu. Yanamhusu. Kanuni mpya humfikia kwa milango mitatu: anapohuisha kibali, anapopanua biashara, na anapouza au kurithisha. Nyumba ya wageni iliyojengwa mwaka 1998 inaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuulizwa kitu, halafu siku ya kuongeza vyumba vinane ikatakiwa kuonyesha kila kitu kwa wakati mmoja.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kulipa

Hatua hii haina gharama kubwa, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kwa kiwanja cha ufukweni, nenda siku ya bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yakiwa yamejaa kabisa. Ukipima wakati wa maji mafu utajidanganya, kwa sababu pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa kwa bamvua inazidi mita 3, na ufukwe wa Kusini sehemu nyingi ni wa kuteremka taratibu. Alama ya kuaminika ni ule mstari wa mwani mkavu, vijiti na takataka ambao bahari inauacha juu. Piga kigingi hapo, vuta futi ya kamba ya mita 60 kwa pembe mraba na ufukwe, piga kigingi cha pili. Rudia sehemu tatu: pembe mbili za kiwanja na katikati. Usitegemee simu kupima umbali huu. Inaweza kukosea mita tano au zaidi, na mita tano ni chumba kizima.

Kisha fanya hesabu ya bei. Chukua kiwanja chenye upana wa mita 40 na kina cha mita 80, yaani mita za mraba 3,200. Ikiwa mpaka wake wa mbele uko mita 20 kutoka kwenye mstari wa bamvua, basi mita 40 za kwanza za kiwanja zimo ndani ya zile 60. Zidisha 40 kwa 40: mita za mraba 1,600, nusu ya kiwanja, haziruhusu jengo la kudumu. Bado unaweza kupanda minazi, kuweka njia ya miguu na kukalia kivuli. Ila bei unayotajiwa ni ya kiwanja kizima cha kujenga, kwa hiyo mazungumzo na muuzaji yaanzie hapo.

Kwa kiwanja cha mtoni, kosa ni kupima kutoka kwenye maji yanayoonekana. Lukuledi, Mbwemkuru na Mambi mwezi wa Oktoba hubaki mchanga na madimbwi sehemu nyingi. Kingo inayohesabika ni ile ya mto uliojaa. Tafuta mzee wa eneo hilo akuonyeshe maji yalipofika mwaka wa mafuriko makubwa, na angalia uchafu ulionasa kwenye matawi na mstari wa tope kwenye kuta. Mvua za kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 zilikata barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa, na ziliwaonyesha wengi kwamba bonde lililokauka miaka kumi bado ni njia ya maji.

Kuna maeneo ambayo mita 60 ni mwanzo tu. Mikoko yote ni msitu wa hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), hata ikiwa imeota ndani ya mpaka anaokuonyesha muuzaji, na huwezi kukata mti bila kibali chao. Msimbati na vijiji jirani vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Huko hifadhi nayo ina sauti yake kabla ya ujenzi wowote. Halafu kuna vyanzo vinavyolisha miji: Mbwinji kwa Masasi na Nachingwea, Mitema kwa nyanda za Makonde, Ng'apa kwa Lindi mjini, Mtawanya kwa Mtwara. Ardhi iliyo karibu na vyanzo hivyo inaweza kuwa rahisi kwa sababu ambayo muuzaji hataitaja.

Maswali haya yapeleke kwa maandishi, barua fupi yenye ramani na majira-nukta (namba za GPS) ya pembe za kiwanja: Ofisi ya Ardhi ya halmashauri, Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini yenye makao makuu Mtwara, na TFS kama kuna mikoko. Jibu la mdomo la afisa haliwezi kuonyeshwa kwa afisa atakayemfuata. Na usiridhike kwa sababu tu muuzaji ana hati. Hati haifuti mita 60.

Kama jengo lako tayari limo ndani ya mita 60, usiliongezee hata baraza mpaka upate maelekezo ya maandishi kutoka NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), Kanda ya Kusini, ambao ofisi yao iko Mtwara. Nyongeza ndogo ndiyo inayogeuza jengo la zamani kuwa kosa jipya.

Hatua ya pili: maji unayoingiza

Una njia tatu. Kuunganishwa na mamlaka ya maji ndiyo rahisi kisheria: mkataba, mita, basi. Maji ya mvua hayana usumbufu mwingi wa vibali na tutayarudia. Kisima kirefu ndicho chenye mambo.

Sheria imewaachia wananchi nafasi ya kuchota maji kwa matumizi ya nyumbani. Mambo yanabadilika maji yakiingia kwenye biashara: hoteli, kuosha magari, kufyatua matofali, kuuza maji kwa madumu, umwagiliaji, kiwanda. Hapo mpangilio ni huu, na usiugeuze.

Kwanza mtaalamu wa maji chini ya ardhi apime eneo na kuandika ripoti. Pili, ripoti hiyo pamoja na hati au barua ya serikali ya kijiji au mtaa na ramani vinapelekwa Bodi ya Bonde kuomba kibali cha kuchimba. Tatu, mchimbaji mwenye leseni ya Wizara ya Maji anachimba. Omba kuona leseni yenyewe na tarehe yake kabla ya kulipa malipo ya awali. Nne, kisima kinapimwa uwezo wake na maji yanapelekwa maabara ya ubora wa maji. Tano, ripoti ya kukamilika kwa kisima inaambatanishwa na ombi la kibali cha kutumia maji. Ukichimba kwanza, hatua ya tano inakwama, kwa sababu karatasi za hatua ya pili na ya nne hazipo, na kupima upya kisima kilichofungwa pampu maana yake ni kukifungua.

Ripoti ya kukamilika iwe na vitu hivi, na ukiona kimoja kinakosekana usilipe malipo ya mwisho: kina chote, aina za udongo na miamba kwa kila mita chache, mahali zilipo bomba zenye matundu, kina cha maji yakiwa yametulia, matokeo ya kupampu kwa saa 24 mfululizo pamoja na muda maji yalivyorudi, na matokeo ya maabara. Wachimbaji wengine hupampu saa mbili, maji yakatoka kwa nguvu, kila mtu akafurahi. Saa mbili zinapima maji yaliyojaa ndani ya bomba na karibu nalo. Hazipimi ardhi.

Chumvi ndiyo hasara kubwa ya visima vya pwani yetu, na inafaa kuielewa vizuri. Kando ya bahari, maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu maji ya bahari ni mazito kidogo. Uzito huo ukihesabiwa, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba karibu mita 40 za maji baridi chini yake. Geuza hesabu hiyo: ukishusha maji ya kisima kwa mita 1 na kuyaacha hivyo kwa muda mrefu, mpaka wa chumvi chini unatafuta kupanda mita 40. Ndiyo maana kisima cha Shangani, Mtwara, au cha ufukweni Lindi kinaweza kuwa kitamu mwaka wa kwanza, kikaanza kuwa na chumvi mwaka wa tatu, na kuchimba zaidi kwenda chini kukazidisha tatizo. Aliye karibu na bahari asishindane kwa kina. Ashindane kwa upole wa kupampu.

Chukua nyumba ya wageni yenye vyumba 12. Wageni 18 kwa lita 120 ni lita 2,160. Wafanyakazi 5 kwa lita 40 ni 200. Jiko na kufua weka 640. Jumla lita 3,000 kwa siku. Fundi atakushauri pampu ya lita 3,000 kwa saa ili ijaze tenki upesi. Weka ya lita 1,000 kwa saa, ifanye kazi saa moja alfajiri, moja mchana, moja jioni, na tenki la lita 6,000 lishike maji ya siku mbili. Kisima kinapumzika kati ya zamu, maji hayashuki sana, chumvi inabaki chini. Na hata kama kipimo cha saa 24 kimeonyesha uwezo mkubwa, usipange kutumia zaidi ya theluthi mbili yake.

Nunua kifaa kidogo cha kupima chumvi kwa njia ya umeme, kile cha kuchovya. Pima kila mwezi, tarehe ileile, baada ya kupampu dakika 15, uandike. Namba moja peke yake haikuambii mengi. Mwelekeo ndio unaosema. Namba ikitoka 600 ikafika 900, yaani ikipanda kwa nusu, ndani ya miezi miwili, punguza muda wa kupampu kwa nusu mara moja na uiarifu Bodi. Ukisubiri mpaka ulimi uonje, umechelewa.

Nyanda za Makonde ni habari nyingine. Newala na Tandahimba ziko juu, maji yako chini sana, na kisima cha mtu binafsi mara nyingi ni pesa inayotupwa shimoni. Huko paa la bati ndilo chanzo. Hesabu yake: mita za mraba 100 za paa, mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, toa moja ya tano inayopotea, unabaki na lita 80,000. Tatizo ni kuyaweka, kwa maana msimu ni mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Familia ya watu 5 inayotumia lita 20 kila mmoja kwa siku 180 za kiangazi inahitaji lita 18,000. Tenki la lita 20,000 linatosha, lile la 5,000 linalonunuliwa na wengi linaisha kabla ya Agosti.

Bati la Tandahimba lina uchafu wake: salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kati ya Juni na Agosti inatua kwenye mapaa. Mvua za mwanzo zisiingie tenkini kabisa. Funga bomba la kuangusha, mwaga mvua mbili au tatu za kwanza, sugua mifereji, ndipo uunganishe. Baada ya hapo kila mvua mpya itupe angalau lita 1 kwa kila mita ya mraba ya paa kabla ya kujaza. Nyumba zilizo kandokando ya njia za malori ya makaa ya mawe kuelekea bandari ya Mtwara zifanye vivyo hivyo.

Katika ombi la kibali utaandika kiasi cha maji kwa siku. Ada ya mwaka inafuata kiasi hicho, kwa hiyo wapo wanaoandika kidogo. Mita ikifungwa, tofauti inaonekana. Wapo pia wanaoandika kikubwa wakitarajia kupanuka, wakalipa kila mwaka maji wasiyoyatumia. Andika hesabu halisi kama ile ya vyumba 12, ongeza robo, na uiambatanishe.

Hatua ya tatu: daraja la mradi wako NEMC

Tangu marekebisho ya 2018 mradi unaweza kuangukia daraja A, ambako tathmini kamili ni lazima. B1, ambako inategemea mahali na ukubwa. B2, ambako taarifa fupi ya mradi inaweza kutosha. Au daraja la miradi maalumu. Usijipangie daraja mwenyewe kwa kumsikiliza jirani. Hoteli mbili zenye vyumba sawa, moja Masasi mjini na nyingine pembeni ya mikoko, zinaweza kuangukia madaraja tofauti.

Unasajili mradi kwenye mfumo wa NEMC wa mtandaoni ukiwa na maelezo ya mradi: mahali na majira-nukta, ukubwa wa ardhi, shughuli za ujenzi na za uendeshaji, malighafi, maji na chanzo chake, taka zitakazotoka na zitakapokwenda. Hapa ndipo kazi ya hatua ya pili inapolipa. Aliyepima kisima ana namba. Asiyepima anaandika "maji yatatoka kwenye kisima", na anarudishiwa maswali.

Tathmini lazima ifanywe na mtaalamu aliyesajiliwa. Dai namba yake ya usajili na uithibitishe NEMC. Kasoro ya mara kwa mara ni ripoti iliyonakiliwa kutoka mradi wa mkoa mwingine: unakuta ripoti ya Lindi inataja vuli na masika, wakati Kusini tuna msimu mmoja. Mhakiki akiona hilo anaanza kutilia shaka kila ukurasa. Soma ripoti yako mwenyewe, yote, kabla haijawasilishwa. Kasoro ya pili ni mkutano wa kijiji au mtaa uliofanyika kwa watu wachache bila muhtasari. Muhtasari uwe na tarehe, ajenda, maoni yaliyotolewa hata yale makali, orodha ya mahudhurio yenye sahihi, na mhuri. Maoni makali yaliyoandikwa na kujibiwa yana faida kwako. Yaliyofichwa yanarudi kama malalamiko.

Kama biashara tayari inafanya kazi na haijawahi kufanyiwa tathmini, njia yake ni ukaguzi wa mazingira, unaoishia kwenye mpango wa marekebisho wenye tarehe. Peleka tarehe unazoweza kuzitimiza. Mpango wenye marekebisho matano yaliyofanyika una thamani kuliko wenye ishirini uliobaki karatasi.

Cheti kikitoka, soma masharti yaliyoambatanishwa, maana ndiyo utakayokaguliwa nayo. Ukinunua biashara yenye cheti, NEMC lazima ijulishwe kwa maandishi na uhamisho ufanyike. Cheti hakihami chenyewe pamoja na funguo za mlango. Weka kipengele cha cheti, kibali cha maji na madeni ya ada za mwaka ndani ya mkataba wa mauziano, kwa sababu deni la aliyetangulia linakuja kudaiwa kwa anayekutwa pale.

Hatua ya nne: maji unayotoa

Anayemwaga majitaka yaliyosafishwa mtoni, baharini au ardhini anahitaji kibali cha kutiririsha kutoka Bodi ya Bonde. Viwango vinavyoulizwa zaidi ni hivi: mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia (BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu vinaihitaji kuozesha uchafu uliomo) yasizidi miligramu 30 kwa lita, ya kikemikali (COD) 60, chembe zinazoelea 100, na uchachu au ubesi (pH) kati ya 6.5 na 8.5. Sampuli ibebwe kwenye boksi la barafu na ifike maabara ndani ya saa 24. Kipimo cha oksijeni ya kibayolojia chenyewe huchukua siku tano. Ndani ya saa hizo 24 maabara iwe wazi, kwa hiyo usichukue sampuli Ijumaa jioni.

Rudi kwenye nyumba ya wageni yetu. Lita 3,000 zikiingia, karibu lita 2,400 zinatoka. Tenki la majitaka lishike maji ya siku mbili, lita 4,800, na nafasi ya tope juu ya hapo: lita 7,500 hivi. Ndani kwa ndani hiyo ni urefu mita 3, upana mita 1.5, kina cha maji mita 1.7. Ukuta wa kugawa uache theluthi mbili za urefu kwenye chumba cha kwanza, na bomba la kuingia na la kutoka yawe na umbo la T ili povu na mafuta yasivuke.

Sakafu ya tenki iwe ya zege, na kuta zipigwe lipu ya kuzuia maji. Mafundi wengi Mtwara huacha chini wazi na kusema "halijai kamwe". Ni kweli halijai. Kwenye mchanga wetu kinyesi kibichi kinashuka moja kwa moja kwenye maji yaleyale ambayo jirani anayavuta mita 25 pembeni. Shimo la kunywea, lile linalopokea maji yanayotoka kwenye tenki na kuyaacha yazame ardhini, liwe mbali na kisima chochote angalau mita 30, na kwenye mchanga wa pwani fanya 50. Chini yake pawe na mita 1.5 au zaidi za udongo mkavu hata mwezi wa Machi, maji ya ardhini yakiwa juu. Ukichimba ukakuta maji, acha shimo, jenga tenki lililozibwa kabisa na ulipie gari la kunyonya. Ni ghali, ila hesabu gharama hiyo kabla ya kupanga bei ya chumba.

Gereji na kuosha magari: sakafu ya zege yenye mteremko, maji yote yaingie kwenye mtego wa vyumba vitatu. Magari 20 kwa lita 150 ni lita 3,000 kwa siku. Saa ya msongamano chukua 600. Mtego wa lita 1,000 unayapa maji zaidi ya saa moja na nusu kutulia. Chumba cha kwanza kinashika mchanga, cha pili mafuta yanaelea, cha tatu maji yanatokea chini kwa bomba la T. Unaoharibika ni ule usiochotwa mchanga: chumba cha kwanza kikijaa, maji yanapita juu kwa kasi na mafuta yanakwenda nayo. Choteni kila wiki. Oili chafu ni taka hatarishi. Iwekwe kwenye pipa la lita 200 lililofunikwa, ndani ya kizingo cha zege chenye kushika lita 220 iwapo pipa litapasuka, na ichukuliwe na mwenye kibali cha kukusanya taka za namna hiyo. Kuwapa watu wapake mbao au wamwage barabarani kuzima vumbi ni kosa, na stakabadhi ya mkusanyaji ndiyo ushahidi wako.

Wabanguaji wa korosho wana tatizo lao mahususi. Karibu asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi ni ganda. Kikundi kinachobangua kilo 500 kwa siku kinatoa maganda kilo 350. Kwa siku 25 ni tani 8.75. Ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na rundo likinyeshewa linatoa maji meusi yanayoua majani na kuingia visimani. Maganda yakae chini ya bati, juu ya zege, na kizingo cha tofali moja kuzunguka. Yasichomwe uani: moshi wake unawasha macho na kifua mtaa mzima, na hapo ndipo malalamiko yanapoanzia. Yana joto kubwa la kuwaka, hivyo tafuteni mnunuzi mwenye tanuru la kiwanda kabla msimu haujaanza. Maji ya kuchemshia korosho nayo yapoe na kutulia tenkini, yapimwe, ndipo yatolewe.

Kwa mashamba ya chumvi, sehemu mbili zinatosha kuangaliwa: mfereji wa kuingiza maji usikate mikoko, na yale maji machungu yanayobaki chumvi ikishavunwa yarudishwe baharini taratibu, yasimwagwe kwenye kijito. Kwa wenye yadi za makaa ya mawe: funika, nyunyizia, chimba bwawa la kutulizia tope, na usiweke rundo upande ambao kusi italipuliza kwenye nyumba za watu.

Hatua ya tano: faili na ukaguzi

Faili moja, gumu, likae kwenye biashara yenyewe. Ndani yake: hati au mkataba, barua za mita 60, ripoti ya kisima, vibali, cheti na masharti yake, risiti za ada, usomaji wa mita wa kila mwezi, vipimo vya chumvi, kina cha maji kisimani mara mbili kwa mwaka, risiti za gari la majitaka na za taka. Malipo yote ya serikali yafanyike kwa namba ya malipo ya serikali. Anayetaka fedha mkononi, hata kwa kukupunguzia, hakuachii kitu cha kuweka kwenye faili.

Mkaguzi akija, muombe kitambulisho, mpeleke anapotaka kuona, na usitie sahihi fomu usiyoisoma. Ukiona jambo limeandikwa kimakosa, andika maelezo yako pembeni kabla ya sahihi. Ukipewa amri ya kurekebisha yenye siku kadhaa, jibu kwa barua ndani ya siku tatu za kwanza ukieleza nini kitafanyika lini, kisha tuma picha kila hatua ikikamilika. Ukihitaji muda zaidi, omba kabla siku hazijaisha. Sheria inaruhusu kosa kufifilishwa kwa malipo bila kwenda mahakamani, ila kukubali kufifilisha ni kukubali kosa, na litabaki kwenye kumbukumbu zako.

Kalenda ya Kusini

Mbegu ya yote haya ni kufanya kila jambo katika mwezi wake. Pima kiwanja siku ya bamvua, Machi ikiwezekana, kwa sababu ndipo bamvua huwa kubwa na mito imejaa. Chimba shimo la majaribio la majitaka Februari au Machi, maji ya ardhini yakiwa juu. Likiwa kavu wakati huo, huenda likabaki kavu mwaka mzima. Aprili hadi Agosti ni ya makaratasi na mikutano ya kijiji, kabla watu hawajashikwa na msimu wa korosho. Kisima kichimbwe na kupimwa Oktoba au Novemba mwanzoni, maji yakiwa chini kabisa; kisima kilichopimwa Aprili kinatoa ahadi ambayo Novemba hakiitimizi. Mifereji ya paa na tenki vifungwe kabla ya katikati ya Novemba.